Futa Kwanza, Uone Kama Itarudi

Siku hizi dereva wa katapila anapachikwa kihisi kifuani, na kifaa kile kile kinachosoma hitilafu za injini ndicho kinachomsoma yeye. Taa ikiwa nyekundu, hapandi.

Asubuhi ile nilimpima mume wangu, Ambakisye, jikoni. Nyekundu: hitilafu ya moyo.

"Kihisi hicho kinasumbua tu," akasema. "Futa, Mama Tusa, nachelewa."

Sisi mafundi ndivyo tulivyozoea: unafuta hitilafu kwanza, ikirudi ndipo unaamini. Nikafuta. Taa ikawa kijani, akamaliza chai, akaenda.

Saa nne wenzake kazini wakanipigia. Nilimkuta kwenye kiti cha katapila, mwili umeshapoa, injini bado inanguruma. Nikampima tena. Kifaa kikaandika: hakuna hitilafu.