Fiwi za Kwenye Kichuguu

Kalunde alikuwa ameshawatangazia wanawake wote kisimani: "Mama Shija kanipa mbegu mbovu makusudi. Jirani gani huyu?" Kati ya majani ya ng'ombe aliyopanda, fiwi zote, yaani maharage ya kulishia ng'ombe yaliyotokana na mbegu hizo, zilikuwa zimenyauka.

Leo aling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa imeoza kwenye ule udongo wa mfinyanzi uliotuamisha maji. Lakini juu ya kichuguu, pale alipoufungulia mfuko wa mbegu za Mama Shija, punje zilizomwagika zilikuwa zimeota, zikatambaa na kuchanua maua ya zambarau.

"Hodi, jirani!" Mama Shija aliingia na mzigo wa majani kichwani. "Nimesikia ng'ombe wako analia njaa."

Kalunde alisimama mbele ya kichuguu, ametanua khanga yake, akiyaficha maua.