Jambo la Pili

Mpimaji wa maabara alirudia kipimo cha mimba mara ya tatu, na mara ya tatu kikatoa mistari miwili. Mkojo ulikuwa wake mwenyewe. Alifunga mlango kwa ufunguo, akateleza ukutani hadi sakafuni, akakaa pale kando ya friji ya damu kama mtu aliyepokea habari za msiba.

Miaka saba alikuwa ameitafuta mistari hiyo. Alikunywa mizizi ya mama mkwe, michungu ya kutoa machozi. Alipimwa na madaktari watatu, wote wakamwona mzima. Aliyekataa katakata kupimwa ni mumewe, seremala mwenye mikono mipana na maneno machache, mwanamume wa kwanza na wa pekee maishani mwake.

"Mimi na hospitali hatuelewani," alikuwa akisema. "Tusipopata mtoto, si tumepatana sisi? Inatosha."

Na mke, kimoyomoyo, alikuwa ameanza kushukuru kwamba hazai. Alikuwa na siri.

Wiki mbili kabla ya harusi walipimwa damu, na aliyepima ni yeye. Wote wawili walikuwa wabebaji wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ingawa wenyewe hawakuugua. Maana yake, kila mtoto ambaye wangezaa angekuwa anabahatisha: mmoja kwa wanne, angeugua. Ugonjwa wenyewe aliujua. Mdogo wake wa mwisho alikufa nao akiwa na miaka tisa, akiwaomba wamkate miguu ili mifupa iache kuuma.

Alijua pia kwamba seremala, akiona majibu yale, angeuvunja uchumba kwa kumhurumia. Kalamu ilikuwa mkononi. Majibu yake mwenyewe aliyaacha yalivyo. Ya mchumba wake akaandika kwamba hana kasoro. Ilikuwa kazi ya sekunde tatu. Hakuna aliyemlazimisha, hilo ndilo lililomtafuna miaka yote. Alichagua.

Sasa gharama ya uchaguzi ule ingemwangukia mtu ambaye hakuulizwa.

Aliomba ruhusa, akaenda moja kwa moja karakana. Seremala alikuwa akipiga randa mlango wa kabati, maranda yamemfika vifundoni.

"Daktari wangu!" Alimwita hivyo siku zote, ingawa hakuwa daktari. "Mbona umesawajika hivyo?"

"Nina mambo mawili ya kukwambia. Usinikatize, nitashindwa."

Seremala akaweka randa chini.

Alilisema la kwanza akiwa ameinamia sakafu: karatasi, kalamu, uongo. Alipofika kwenye "nilikudanganya," akafumba macho. Alingoja tusi. Alingoja kofi, ingawa hakuwahi kupigwa. Badala yake alihisi mkono mpana begani.

"Najua," seremala alisema.

"Unajua nini?"

"Nilipimwa hospitali nyingine kabla sijaja kwako. Nilitaka uniambie wewe, kwa mdomo wako. Uliponiletea majibu yangu yakiwa safi, niliumia. Halafu nikaona, kumbe huyu ananitaka mpaka yuko tayari kuharibu kazi yake." Macho yalikuwa yamemlowa, lakini alitabasamu kama mtu aliyetua gunia. "Ningekuacha vipi?"

"Miaka saba umenyamaza?"

"Subiri, mke wangu. Na mimi nina langu." Alishusha pumzi. "Kukukosa sikutaka. Kuzika mtoto, nako sikutaka. Wiki ileile nilisafiri, nikafanyiwa upasuaji mdogo, nikafungwa uzazi. Nikarudi nikakuoa. Kila ulipokunywa ile mizizi nilitaka kukwambia, ulimi ukawa mzito. Nisamehe."

Machozi yakamtiririka mke. Kazini alikuwa amejifunza kwamba mirija iliyofungwa huweza, mara chache sana, kuungana tena yenyewe; lakini nani angemwamini? Alishika ukingo wa meza ya kazi mpaka kucha zikageuka nyeupe.

Seremala alidhani ni machozi ya kusamehewa. Alimvuta kifuani, akampangusa uso kwa pindo la shati lake.

"Yamekwisha. Hatufichani tena," alisema kwa upole. "Haya, sema na la pili. Leo hakuna kitakachonishtua."