Hodi ya Tatu

"Bibi, humu kwenye kompyuta kuna kazi mbili," mjukuu wangu Lubna aliniambia akitandika mkeka wa kuswalia. "Ya kwanza inapima friji za insulini, dawa ya sukari. Ya pili inatoa magari ya kuipeleka kwa wagonjwa, lakini inangoja ishara ya mwenzake, na leo hazisikilizani. Ya kwanza ikiwa kijani, we bonyeza hapa, gari la Cibitoke litoke. La Kajaga nitatoa mi mwenyewe, kuna mama amezidiwa huko."

"Hicho kitendawili," nikasema. "Majirani wawili hawaonani, mmoja hatoki mpaka mwenzake abishe hodi."

"Ni hivyo hivyo, Bibi." Akafunga swala.

Kijani kikaja. Nikabonyeza kwa kidole changu chenye hina. Kimya.

Sasa, kwetu hodi ni mara tatu, ukikosa jibu unaondoka. Nikabonyeza tena. Nikangoja kidogo, nikabonyeza ya tatu, nikarudisha mkono mapajani.

Lubna akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, macho yakabaki kwenye kioo cha kompyuta.

"Umebonyeza mara ngapi?"

"Tatu. Haikusikia."

"Apana, Bibi. Ilisikia zote, ikaziweka, ikazijibu moja moja. Magari yote matatu yameenda Cibitoke."

Sikuelewa. Nani anasikia hodi asiseme karibu?

"Basi toa lingine," nikamwambia.

"Tuna matatu tu."

Simu yake ikaanza kulia juu ya mkeka. Ilikuwa Kajaga. Ikalia mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.