Pikapu ya Marehemu Kiunga

Pikapu ilijamba kwa mshindo, kuku wakatawanyika, na mzee Gitobu akavua kofia.

"Tena," alisema Njeru, akiwa nyuma ya usukani.

Fundi Swaib alisema bismillahi yake, akainama chini ya boneti, akatoa ishara. Starta ililia, injini ikazunguka, ikakohoa, kisha ikalipuka tena kupitia kabureta. Haikuwaka.

Kaburi la Kiunga, nyuma ya migomba, lilikuwa bado halijaota nyasi. Pikapu ilikuwa yake, ya kubebea viazi hadi soko la Meru, na alipofariki mjane wake Celina alishika usukani bila kuomba ruhusa ya mtu. Hilo ndilo lililomkera Njeru, mdogo wa marehemu. Kwake yeye, gari la ndugu ni la ndugu. Mwanamke aachiwe ng'ombe na watoto, na ashukuru. Wanaume wa ukoo walikubaliana naye, kwani aliwachinjia mbuzi. Basi asubuhi hiyo alikuja kulichukua, akiwa na Gitobu, ami yake, kama shahidi, na Swaib wa Majengo kwa sababu kila mtu alijua gari hilo huwa kaidi wakati wa baridi.

Celina alisimama mlangoni, mikono kifuani. Bila pikapu, viazi vyake vingeozea shambani. Hata hivyo hakulia wala kubishana. Ufunguo aliutoa mara tu alipoombwa, tena kwa mikono miwili. Upole huo ulimtia Swaib shaka.

"Mama, jana iliwaka?"

"Jana iliwaka."

"Na leo je?"

"Leo muulize mwenyewe," alisema Celina, akaelekeza kidevu kwenye migomba.

"Usimsikize huyo!" alifoka Marcella, mama yao Kiunga na Njeru. Tangu alfajiri alikuwa uani, amejifunika shuka, akiilinda pikapu ili, kwa maneno yake, huyu mwanamke asitoroke na mali ya wanangu. "Njeru, chukua gari! Akiolewa kesho atapelekea nani? Bwana mwingine!"

Swaib aliendelea na kazi. Betri ilikuwa nzima. Alichomoa plagi moja moja, akazisugua, akazirudisha moja moja, kila waya pale pale alipoukuta, maana alijiona fundi mwangalifu. Cheche zilikuwa za kupendeza. Petroli ilifika kwenye kabureta bila tatizo. Alifungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawia kila plagi moto kwa zamu yake, akatafuta unyevu, akakosa, akakipangusa hata hivyo kwa shati lake ili aonekane amefanya jambo.

"Moto iko. Mafuta iko. Hewa ndiyo hii ya Mungu," alisema. "Gari ikiwa na hizo vitu tatu, inawaka. Lakini hii haitaki."

"Haitaki nini?" aliuliza Njeru.

"Haitaki wewe."

Ulikuwa utani. Lakini penye kaburi bichi utani wa namna hiyo hauchekwi, na Gitobu hakucheka.

"Kiunga alikuwa hivi hivi hata akiwa mzima," alisema. "Ukigusa kitu yake, analipuka. Jaribu mara ya mwisho. Na umwombe kwanza."

Njeru alikuwa shemasi, tena wa kukemea mizimu kwa kipaza sauti. Alitazama huku na huku kuhakikisha hakuna mshirika wa kanisa aliye karibu. Kisha akainamisha kichwa juu ya usukani, akanong'ona kwa Kimeru, "Ndugu yangu, niachie hii tu." Akazungusha ufunguo.

Pikapu ilimjibu kwa ulimi wa moto uliotoka kwenye kabureta na kuunguza nyusi moja ya Swaib. Swaib aliruka nyuma akisoma kila dua aliyofundishwa utotoni. Gitobu, pamoja na magoti yake mabovu, alikuwa tayari ameshafika langoni.

"Hiyo gari ikae na bibi yake!" alipaza sauti kutoka huko. "Mwenye ataigusa tena asiniite kwa matanga yake!"

Njeru aliuacha ufunguo kwenye kiti kana kwamba unaunguza, akateremka kilima nyuma ya ami yake bila kuaga. Swaib alibamiza boneti, akakusanya spana zake mbio mbio, akawafuata. Marcella aliwasindikiza hadi langoni kwa matusi. Alimwita mwanawe mwoga, mwanamume mzima aliyeshindwa na chuma.

Sauti zilipotokomea, Celina aliiendea pikapu. Hakuwa ameshika hata nati moja ya gari lile. Ufunguo aliutoa kwa sababu alijua ameshindwa. Alipanda, akakaa palipokuwa pa mumewe, akajaribu mwenyewe.

Pikapu ikamlipukia na yeye.

"Hata mimi, Kiunga?" alisema, na machozi aliyowanyima wageni yakamtoka yote. "Hata mimi?"

"Wacha kuua betri," ilisema sauti kutoka mbele.

Marcella alikuwa ameinua boneti. Alikunja shuka lake hadi viwikoni, akachomoa nyaya mbili za plagi, akauweka wa kwanza mahali pa wa pili na wa pili mahali pa wa kwanza, upesi upesi kama mtu anayerudisha viatu alivyovigeuza mwenyewe alfajiri.

"Washa."

Ikawaka papo hapo. Marcella alifunga boneti, akapanda, akajipangia shuka magotini.

"Njeru nimemzaa mimi," alisema. "Lakini huyo akiwa na gari hunipita stegi nikingoja matatu, akinipigia honi."