Herufi ya Msabaha

Bi Zamda alipeleka kisu chake kwa muuza visu vya mtumba. Yule kijana akakipindua, akaguna.

"Mama, umeuziwa feki. Visu vya marehemu Msabaha mhunzi vina herufi M. Hiki kina W."

Damu ikamchemka Bi Zamda. Ala! Yeye aliyemvukutia Msabaha moto miaka thelathini, leo anafundishwa kazi ya mumewe?

"Mume wangu hakujua kusoma, baba. Muhuri aliugonga kichwa chini mpaka anakufa, nasi tukimcheka."

Akageukia meza. Visu kumi na viwili, kila kimoja na M yake imesimama wima.

"Hebu niambie, hivi alivifua nani?"

Mkono wa kijana ulikuwa ukilivuta gunia, polepole, kuvifunika.