Boma la Kiboko

Mkutanoni walikuwapo Kiboko wa ng'ambo ya mto, Kobe karani, Nungunungu mwenye mihogo, na Kindi mwenye karanga, ambaye wengine humwita Kuchakuro.

Kiboko alisema, "Ndugu zangu, biashara haitaki miiba. Kila mmoja ang'oe boma lake, bidhaa zipite."

Nungunungu aliuliza kama na miiba yake ya mgongoni imo.

"Na boma lako, mzee?" Kindi akamuuliza Kiboko.

"Sina. Tazama mwenyewe."

Kindi alitazama ng'ambo, hakuona hata mwiba mmoja. Akatia sahihi kwenye mkataba, akang'oa lake.

Wiki haikuisha, karanga za Kiboko zikajaa sokoni kwa bei ya kutupa, maana gharama zake zote za kilimo hulipwa na mfalme wake. Za Kindi hazikuguswa, na wanawe wakashinda njaa. Akafunga gunia aende kuuza ng'ambo. Mtoni alimkuta Kiboko amejilaza majini, na Kobe ukingoni.

"Nipite wapi, mzee?"

"Popote, kijana! Umeona boma? Sisi huogelea tu."

"Mimi sijui kuogelea."

Kobe alifungua mkataba, akausoma wote. "Kuogelea hakumo humu," akasema.

Kindi alijitwika gunia, akaingia. Alikufa maji siku hiyo, saa nane mchana.