Mgonjwa Aambiwe Mwenyewe

Dk. Basma alikuwa anakwenda kupewa tuzo kwa kuwafunza watu kusema kweli, na mwenyewe wiki nzima alikuwa akimdanganya mama yake mzazi.

Ndiyo hivyo. Tuzo ya mwaka ya watafiti wa saratani safari hii kapewa yeye, na hakuna aliyesema kapendelewa. Alizunguka Unguja yote, Matemwe mpaka Jang'ombe, akiuliza kwa nini wanawake wenye saratani ya matiti wanafika hospitali wakati hapana tena la kufanywa. Alilolikuta lilimtia uchungu. Wengi walikuwa hawajui wanaumwa nini! Daktari kamwambia mume, mume kamwambia shemeji, shemeji kamwambia shangazi, nyumba nzima inalia jikoni, na mgonjwa anaambiwa ana baridi. Basma akaandika, akapiga kelele redioni: mgonjwa aambiwe mwenyewe.

Halafu yakamfika kwake.

Mama yake, Bi Jokha, alikuwa na uvimbe kifuani akaunyamazia. Mama wa mtafiti mzima! Basma alipougundua siku anamsaidia kuvaa, alimaka.

"Mama, twende ukachomwe sindano, wachukue kinyama wakitazame."

"Mie siendi kuchomwa peke yangu kama mbuzi," Bi Jokha akagoma. "Na wewe si unacho kile kijivimbe chako, unachosema kila siku si kitu? Chomwa na wewe nione, nami ntachomwa."

Basma akacheka. Huko mashamba ndivyo alivyokuwa akiwapata wanawake: anatangulia yeye kupanda kitandani apimwe, wao wanafuata. Basi wakachomwa wote wawili, na Bi Jokha alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Vinyama vikapelekwa maabara kwa Wakil, mume wa Basma, maana ndiye anayevisoma kwa hadubini.

Siku ya majibu Basma aliporudi nyumbani kutoka kazini alimkuta Wakil amekaa ngazini, mbele ya mlango wa Bi Jokha, kichwa magotini, analia kwa kwikwi.

"Wakil! Nani?"

Wakil alimtazama kwanza, kisha akatazama chini. "Wewe salama," alisema. "Ni Mama."

Basma alishika ukuta. Kisha akaelekea mlangoni. "Namwambia sasa hivi."

"Basma, nakuomba. Kashona nguo ya siku ya tuzo. Kaalika mtaa mzima. Mwache aione siku yake, wiki moja tu. Safari ya matibabu nshaipanga, Jumatatu baada ya tuzo mnaondoka, wewe na yeye. Mtakapofika huko ataambiwa."

Na Basma, na kelele zake zote za redioni, akakubali. Alijichukia. Alijichukia kila alipomwamkia mama yake shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya upole ambayo Bi Jokha hakuwa nayo siku zote.

Wiki ile Bi Jokha hakula. Alisogeza sahani yake mbele ya mwanawe: "Kula wewe, mie nshashiba." Basma akiinua ndoo ananyang'anywa. "Wee, weka chini! Hutosheki na kazi?" Alasiri akawa anamwita amsuke nywele, mtu mzima na digrii zake, anakalishwa chini mkekani. Bi Jokha alimsuka taratibu, anafumua na kuanza upya, na mara mbili Basma alihisi machozi yakimdondokea utosini.

Anahisi, Basma akawaza. Mwili wenyewe unamwambia. Alitaka kugeuka aseme yote, akamkumbuka Wakil, akaung'ata ulimi wake.

Siku ikafika. Ukumbi wa hoteli kule Shangani ulijaa pomoni. Bi Jokha alikaa mstari wa mbele, gauni lake jipya linampwaya, harufu ya udi imemzunguka. Wakil alisimama nyuma yake. Mgeni rasmi alisoma sifa za mshindi, akamalizia: "Na kwa kuwatetea wagonjwa, ili kila mmoja ajue la kwake." Watu wakapiga makofi hadi wengine wakasimama.

Basma akapokea tuzo, akashika kipaza sauti. Hotuba alikuwa ameihifadhi yote. Lakini akatazama mstari wa mbele. Aliona mama yake anapiga vigelegele huku analia, mashavu yamembonyea, na roho ikamuuma asiweze kustahamili tena.

"Nisameheni," aliwaambia watu, akashuka.

Akapiga magoti mbele ya mama yake. Watu wakadhani anaomba radhi za mzazi, wakazidi kushangilia, wapiga picha wakasogea. Basma akaweka tuzo sakafuni, akamkumbatia mama yake na kumnong'oneza sikioni.

"Mama, nisamehe. Nimekuficha. Yale majibu ya sindano si mazuri. Ni maradhi yale, Mama, na mie nnajua tangu wiki iliyopita. Wallahi sikutaka usherehekee na mie nimekudanganya. Lakini tutakwenda kutibiwa, tutakwenda pamoja, sikuachi hata kidogo."

Bi Jokha hakushtuka. Aligeuza shingo kumtazama Wakil. Wakil alikuwa ameivua kofia yake, kajizibia nayo uso, mabega yanatikisika.

Bi Jokha akaushika uso wa mwanawe kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mtoto mdogo aliyeanguka.

"Basma, mwanangu," alinong'ona. "Jibu langu mimi lilitoka safi."